Maswali Yenu ya Afya: Choo cha Mtu Mwingine Kuwa Dawa, Tuamini Lipi?

Wapenzi wasomaji, mwezi huu karibu barua zote zimekuja na jambo moja. Kuna ile habari ya "kinyesi chatibu" iliyozunguka kwenye magrupu, kwamba mgonjwa anawekewa tumboni choo cha mtu mwenye afya na anapona, mtangazaji anaisoma huku anacheka mpaka anashindwa kumaliza, na baada ya hapo kila mtu ana swali lake, huyu ana mgonjwa ndani, yule ana kitambi, mwingine amekasirika tu. Nimechagua sita, nimezifupisha kidogo, na majina nimeyaweka pembeni kama mlivyoomba. Na nianze na neno lenyewe: mi nitasema choo au kinyesi, kama tunavyosema hospitali tukiambiwa tupeleke kikopo maabara, sitazunguka na "taka za mwili" maana kuzunguka huko ndo kumefanya nusu ya watu wasijue habari ilikuwa inahusu nini.

*Shikamoo anti. Mama alilazwa kwa nimonia akachomwa sindano za antibayotiki siku kumi, nimonia ikaisha lakini akaanza kuharisha, siku nyingine mara nane, akipewa dawa inatulia, dawa ikiisha inarudi. Nimesoma kwamba Ulaya wanatibu kuhara kama huku kwa kumwekea mgonjwa choo cha mtu mzima wa afya. Kaka amenigombeza anasema ni uzushi wa mitandaoni nisirudie kuusema mbele ya mama. Ni kweli au uongo?* (Kitinda mimba, Morogoro)

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Nikujibu kwanza halafu nielezee: ni kweli, sio uzushi, ila ni kweli kwa ugonjwa mmoja, na mpaka mama apimwe hatujui kama ndo huo.

Kwenye utumbo, hasa utumbo mpana, kuna bakteria wengi mno wanaoishi humo bila kutudhuru, kundi zima hilo wataalamu wanaliita mikrobayomu. Fikiria soko lililojaa, kila meza ina mwenyewe, mgeni akija hata pa kutua ndoo hana. Antibayotiki ikipita ni kama mgambo wamepita, hawachagui, mwenye kitambulisho na asiye nacho wote wanakimbia, meza zinabaki wazi. Sasa kuna bakteria anaitwa Clostridioides difficile, madaktari wanafupisha wanasema C. diff, huyu anajifunga ndani ya ganda gumu ambalo dawa haiingii, mgambo wakishaondoka anaamka anajaza meza zote na sumu yake ndo inayoharisha. Mgonjwa akipewa dawa ya kumuua anatulia, ikiisha anarudi, kwa sababu wenye soko bado hawajarudi. Kumwekea mgonjwa choo cha mtu mwenye afya ni kuwarudisha wenye soko wote kwa mpigo mmoja.

Na hili sio la jana. China, karne ya nne, tabibu Ge Hong anatajwa kuwa aliwapa wagonjwa wa kuhara choo kilichochanganywa na maji. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Ben Eiseman na wenzake huko Denver, Marekani, waliandika kuhusu wagonjwa wanne mahututi waliopona baada ya kuingizwa choo kwa njia ya haja kubwa. Wanne tu, halafu jambo likakaa zaidi ya miaka hamsini bila mtu kulifanyia jaribio la kulinganisha, mpaka Januari 2013 watafiti wa Uholanzi walipotoa matokeo yao. Hapa nitakaa kidogo maana ndo msingi wa yote. Walichukua watu 43 ambao C. diff ilikuwa inawarudia, wakawagawa kwa kura, mmoja akatolewa kwenye hesabu, wakabaki 42. Wapo waliopewa vankomaisini, antibayotiki ya kumuua huyo C. diff, peke yake, 13, wakapona 4. Wapo waliopewa vankomaisini na kusafishwa tumbo, 13, wakapona 3. Na wapo 16 waliowekewa choo kwa mrija unaopitia puani hadi kwenye utumbo, 13 wakapona mara ya kwanza, na wawili wengine walipowekewa tena. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake. Baadaye Marekani ikaidhinisha dawa mbili zinazotengenezwa kutokana na choo cha wachangiaji waliopimwa, moja Novemba 2022 ya kuingizwa kwa chini, nyingine Aprili 2023 ya vidonge, vinne kwa siku kwa siku tatu, na zote ni za watu wazima ambao C. diff yao imeshatibiwa ili isirudi. Hayo ndo matumizi yake, basi.

Umeona hesabu ilivyo ndogo? Watu 16. Ni kazi nzuri sana na sina neno nayo, lakini kwenye habari ile 16 iliachwa, ikabaki "zaidi ya asilimia 90 wapona", na neno C. diff likaachwa likabaki "kuhara", na siku iliyofuata "kuhara" ikawa "magonjwa ya tumbo". Ndo maana kaka yako anaona uzushi na wewe unaona muujiza, wote mmesoma habari moja iliyopunguzwa.

Sasa mama. Kamwambieni daktari kwa maneno haya haya: kuharisha kulianza baada ya antibayotiki, kunatulia kwa dawa na kunarudi, je mnaweza kupima C. diff? Bebeni maboksi ya dawa zote alizotumia na tarehe. Kuhara kunakorudi kuna sababu nyingi, kwa hiyo msishangae wakitaka kupima na mengine. Msimpe vidonge vya kufunga tumbo vya dukani bila kuuliza, kama ni C. diff vinaweza kumuumiza. Maji ya chumvi chumvi kila anapotoka chooni, na mnaomhudumia mnawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, ile jeli ya mikononi haiui ganda la huyu mdudu. Na habari ya kumwekea choo cha mtu nyumbani iondoeni kabisa kichwani, nitasema kwa nini kwenye barua inayofuata.

*Bi mkubwa, salamu kutoka Mombasa. Nina kijana wa miaka saba ana usonji, haongei sana na tumbo humsumbua mno. Kuna grupu la wazazi niko ndani, limejaa ile habari kuwa kinyesi kimepunguza usonji kwa nusu, na kuna mama asema ameona video ya kufanyia nyumbani, achukua choo cha mtoto wake mwingine. Mimi naogopa lakini nalala nikiwaza kama nikiacha nitakuwa nimemnyima mwanangu.* (Mama wa Mombasa)

Dada yangu, umenigusa, nimesoma barua yako mara tatu kabla ya kuandika. Hujamnyima mwanao chochote. Nataka uijue ile habari ilikotoka ili ulale.

Ilitoka chuo kikuu cha jimbo la Arizona, Marekani. Watoto 18 wenye usonji na matatizo ya tumbo walipewa antibayotiki wiki mbili, wakasafishwa tumbo, halafu wakapewa bakteria kutoka kwenye choo cha watu wenye afya kwa wiki saba hivi nane. Ripoti ya kwanza ilitoka 2017, ya pili 2019 ikisema baada ya miaka miwili dalili za usonji zilikuwa zimepungua karibu nusu. Hiyo "nusu" ndo iliyopaa. Lakini hapakuwa na watoto wengine wenye usonji waliopewa kitu cha kufanana kisicho na bakteria ili walinganishwe, na kila mzazi alijua mwanawe amepewa dawa. Wewe ni mzazi, niambie, mtoto wa miaka saba na mtoto huyo huyo akiwa na tisa ni mtoto mmoja? Kuna maneno yameongezeka, kuna shule, kuna mazoezi ya kuongea, kuna tumbo kutulia tu akaacha kulala na maumivu akawa mchangamfu. Watafiti wenyewe walisema lazima lifanyike jaribio la kulinganisha. Hiyo sentensi ndo haikufika kwenye grupu lenu.

Halafu kuna jingine la 2021, la Australia, watoto 247, baadhi wana usonji na wengine hawana. Hao walitazama choo na chakula pamoja, wakaona kwamba watoto wenye usonji wengi wanachagua sana chakula, wanakula vitu vichache vile vile, na ndo maana bakteria wao ni wa aina chache. Yaani mshale unaelekea kinyume na vile habari zilivyouchora, sio kwamba bakteria wanaleta usonji, ni kwamba usonji unabadilisha sahani na sahani inabadilisha bakteria. Hii sikuiona ikizunguka hata kidogo.

Sasa hiyo video ya nyumbani. Juni 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya wagonjwa wawili wenye kinga dhaifu kupata maambukizi ya damu kutoka choo cha mchangiaji mmoja, kilikuwa na bakteria sugu wa E. coli asiyesikia antibayotiki nyingi. Mmoja akafariki. Na hao walikuwa ndani ya majaribio ya hospitali kubwa, na mchangiaji amechunguzwa, ila choo chake hakikuwa kimepimwa bakteria sugu wa aina ile. Hospitali yenye maabara ilipitwa na kitu, sasa sisi na beseni na bomba la enema, lile la kuingizia kitu kwa njia ya haja kubwa, jikoni tutaona nini? Mtoto aliye mzima anaweza kuwa na amiba, minyoo au homa ya ini na asionyeshe lolote. Mwambie huyo mama wa grupuni kwa upole, kwa faragha, usimuaibishe mbele ya watu, maana aibu itamfanya afunge mdomo na aendelee.

Kwa tumbo la mwanao, muone daktari wa watoto umweleze tumbo peke yake, kama tumbo, kwa sababu mara nyingi mtoto mwenye usonji akifika na tumbo anaambiwa "ndivyo walivyo" na kumbe ni choo kigumu cha wiki nzima kinachotibika. Una haki ya kusisitiza, sisitiza.

*Assalaam alaykum. Mimi swali langu ni fupi. Hivi vidonge vya choo ni najisi au si najisi?* (Unguja)

Waalaykum salaam. Hukumu ya dini si yangu, kamuulize sheikh unayemuamini, ila nenda na maelezo kamili ili asihukumu kichwa cha habari: ni ugonjwa unaoweza kuua, unarudi baada ya dawa za kawaida, na vile vidonge havibebi choo kizima, vina mbegu za bakteria zilizochujwa na kusafishwa kwa spiriti. Nashukuru umeuliza, kwa sababu magazeti ya nje yakifika hapa yanauliza tu "je unaona kinyaa?" kana kwamba kinyaa ndo mlango pekee, wakati kwa wagonjwa wetu wengi swali la kwanza ni hili lako.

*Anti mambo. Nimesoma kuna mwanamke aliwekewa choo cha binti yake akanenepa ghafla. Kwa hiyo mtu mnene akiwekewa cha mtu mwembamba atapungua? Nina kilo 98 na nimechoka na diet.* (Tabata)

Poa mdogo wangu. Huyo mwanamke yupo, alikuwa na miaka 32, jimbo la Rhode Island, Marekani, habari yake ilichapishwa 2015. Alikuwa na C. diff inayorudi, akawekewa choo cha binti yake wa miaka 16, akapona. Alikuwa na kilo kama 62, baada ya miezi 16 akawa na 77, na baadaye 80. Vichwa vya habari dunia nzima vikasema choo kimemnenepesha. Lakini yule mama alikuwa anaumwa kuharisha kwa muda mrefu na sasa amepona anakula, alikuwa pia ametibiwa bakteria mwingine wa tumboni anayeleta vidonda, na binti mwenyewe wakati wa kuchangia alikuwa na kilo 63 na ushee, unene wake uliongezeka baadaye, kwa hiyo huenda ni ukoo, huenda ni chungu kimoja wanachokula. Madaktari walioandika walisema wazi hawawezi kuthibitisha. Mtu mmoja. Mmoja!

Kilichoipa nguvu ile habari ni panya. Mwaka 2013 maabara ya Jeffrey Gordon huko St. Louis ilichukua choo cha mapacha, mmoja mnene mmoja mwembamba, wakawapa panya, panya waliopewa cha mnene wakaongeza mafuta mwilini. Ni utafiti wa kuheshimika kabisa. Ila panya wale wamezaliwa na kukulia kwenye vyumba vya plastiki visivyo na kijidudu hata kimoja, hawana bakteria wao wenyewe, soko halijawahi kufunguliwa, yeyote anayeingia anakuwa mwenye soko. Wewe wa Tabata una soko la miaka thelathini.

Na binadamu walishajaribiwa kweli, hili ndo linaniuma maana halikupewa hata robo ya nafasi ya yule mwanamke. Marekani walijaribu watu wazima 24 wenye unene, tena wengine 22, New Zealand wakajaribu vijana 87, wote kwa kulinganisha na vidonge vitupu, matokeo ya 2020. Uzito haukutofautiana. Habari ya "haikufanya kazi" haina picha ya kuweka, kwa hiyo haikuja. Kwa kilo 98 zako niandikie unakula nini kuanzia chai ya asubuhi tuongee vizuri, na usijilaumu.

*Habari ya kazi. Mimi ni mwanafunzi, kwetu ni Karatu. Nimekuwa nikiona makala za wazungu wakisema Wahadzabe, wale wawindaji wa Ziwa Eyasi, wana matumbo bora duniani, mmoja hadi alijiwekea kinyesi cha Mhadzabe. Mwenzangu anasema tujivunie, mimi najisikia vibaya na sijui kwa nini.* (Mwanafunzi)

Nzuri mwanangu. Nadhani najua kwa nini, na uko sawa kujisikia hivyo.

Kwanza sayansi yenyewe. Mwaka 2014 watafiti walilinganisha choo cha Wahadzabe 27 na cha Waitaliano 16 wa Bologna, wakakuta Wahadzabe wana aina nyingi zaidi za bakteria, na baadhi ya aina ambazo kwa Waitaliano zinahesabiwa nzuri kwao hazipo kabisa, na zile zinazodhaniwa mbaya wanazo na hawaumwi. Mwaka 2017 ikatoka nyingine kubwa, sampuli 350 za watu 188, ikaonyesha jambo zuri sana ambalo mtu wa Karatu angeweza kulihisi mwenyewe: bakteria wao wanabadilika na majira. Masika ni asali na matunda pori, kiangazi ni nyama zaidi, mizizi na ubuyu vinawashikilia katikati, na kuna aina za bakteria zinazopungua msimu mmoja hata usizione halafu msimu mwingine zinarudi. Hiyo ni sayansi, inakufundisha kitu kuhusu chakula na mwili.

Sasa angalia ilichofanya habari. Mwaka 2014 huo huo mtafiti Mmarekani, Jeff Leach, akiwa huko Ziwa Eyasi alijiwekea choo cha mwanamume wa Kihadzabe kwa bomba la jikoni, akaandika, ikaenda dunia nzima. Mtu mmoja, amejifanyia mwenyewe, hakuna wa kulinganisha naye. Mwaka 2017 profesa Tim Spector wa London akakaa siku tatu anakula wanachokula, nungunungu, ubuyu, mizizi, asali, akasema aina za bakteria wake ziliongezeka asilimia 20, na aliandika mwenyewe kwamba siku chache baada ya kurudi nyumbani zilikuwa zimesharudi karibu pale pale. Kichwa cha habari kilichukua siku tatu na asilimia 20, mwisho wake ukaachwa kwenye aya za chini.

Kinachokuuma ni kwamba kwenye habari zote hizo Mhadzabe ni tumbo. Haongei. Hajaulizwa anaonaje choo chake kubebwa kwenye barafu kwenda Ulaya na Marekani, hajaulizwa mtoto wake akiugua anatibiwa wapi, wala habari ya ardhi yake kumegwa kila mwaka na mashamba na mifugo haikupata hata mstari, wakati hao bakteria wanaosifiwa wanatokana na hiyo hiyo ardhi, ukikata mibuyu na kufukuza wanyama hakuna chakula na hakuna bakteria. Na wanamwita mtu wa kale, "dirisha la zamani", wakati yuko hapo Mang'ola leo, siku ya gulio mnakutana naye. Wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya pekee ni mamia machache tu kati ya watu elfu moja na kitu. Mwenzako ajivunie, hakuna ubaya, ila ajivunie watu.

*Mheshimiwa, mimi ni ripota kijana kwenye redio ya mkoa. Mhariri ananiambia habari za afya lazima ziwe na mvuto. Nikiandika kama unavyotaka wewe, panya wangapi, watu wangapi, nani atasikiliza?* (Ripota, Dodoma)

Usiniite mheshimiwa, tuko kazi moja. Nilianza dawati la habari za kimataifa, zamu ya usiku, gazeti silitaji. Habari inaingia kutoka shirika la nje maneno 900, nafasi yangu ni maneno 250, saa nne na nusu ukurasa unatakiwa uende mtamboni. Usiku mmoja ikaja habari ya bakteria wa tumboni na kisukari. Nikatafsiri aya nne za juu, nikaweka kichwa "Tiba mpya ya kisukari yapatikana tumboni", na ile sentensi iliyosema utafiti ulifanywa kwa panya ilikuwa aya ya tisa, ikaenda na mkasi. Siku mbili baadaye mlinzi akanipigia kuna mama getini ananiulizia. Alikuwa ameshika ukurasa wangu umekunjwa mara nne, kuna sehemu amepigia mstari kwa peni ya bluu, mguu mmoja umefungwa bandeji hadi juu ya kifundo. Ametoka Kibaha kwa daladala mbili. Aliuliza kitu kimoja, hiyo dawa inapatikana hospitali gani. Nilisimama naye pale kwenye jua nikimweleza habari ya panya na aliitikia "haya mwanangu, haya" kwa sauti ndogo, akaukunja tena ukurasa akaurudisha kwenye pochi. Hakuutupa.

Kwa hiyo nikwambie, watasikiliza, anayesikiliza kuliko wote ni yule mwenye mgonjwa ndani, na huyo anataka kujua panya au mtu kuliko anavyotaka kucheka. Kuna mtaalamu wa Harvard, William Hanage, mwaka 2014 aliandika maswali ya kuuliza kila habari ya mikrobayomu, mi natumia matatu kwa lugha yangu: hii imesababisha ile au zimekutana tu njiani? Kilichotokea maabara kinafanana na maisha ya mtu? Kuna kitu kingine kinachoweza kueleza matokeo haya? Yaweke kwenye sentensi ya pili ya habari yako, hata sekunde kumi na tano hazifiki. Na namba uzikague hata kama kila mtu anazisema. Mi mwenyewe nimeandika miaka kwamba bakteria mwilini ni mara kumi ya seli zetu, namba iliyoanzia kwenye makadirio ya 1972, mpaka 2016 watafiti wa Israeli walipokaa wakahesabu upya wakapata bakteria trilioni 38 hivi kwa seli trilioni 30, karibu sawa kwa sawa.

Mvuto upo, tena karibu na wewe kuliko Arizona. Zaidi ya asilimia 71 ya sampuli za mikrobayomu zilizowekwa wazi duniani, zile zinazojulikana zilikotoka, zimetoka Ulaya, Marekani na Kanada, ilihesabiwa 2022, na Januari 2025 ikatoka kazi kubwa ya wanawake 1,801 wa Burkina Faso, Ghana, Kenya na Afrika Kusini, wakiwemo wa Nairobi, na ndani yake kuna bakteria ambao hawakuwa wameandikwa popote. Nimeisikia kwenye redio yetu mara ngapi? Sijaisikia. Halafu kuna hii ninayoipenda kuliko zote: Malawi walifuatilia mapacha jozi 317, wakaona kuna jozi ambazo mtoto mmoja anapata utapiamlo na pacha wake hapati wakati wanakula chungu kimoja, na bakteria wao tumboni wanatofautiana. Maabara ile ile ya Gordon ikaendelea nalo, na 2021 Dhaka, Bangladesh, wakajaribu chakula cha watoto kilichopangwa ili kulisha bakteria wanaohitajika, unga wa dengu, unga wa soya, karanga na ndizi mbichi. Kati ya watoto 118 waliomaliza jaribio, waliopewa chakula hicho waliongezeka uzito vizuri kuliko waliopewa chakula cha kawaida cha msaada, ingawa hicho cha kawaida kilikuwa na nguvu nyingi zaidi. Jaribio moja, watoto wachache, bado linaendelea kupimwa, na utasema hivyo hewani. Lakini dengu, soya, karanga, ndizi mbichi! Mama gani wa Dodoma hatasimamisha mwiko akusikilize?

Andika hiyo, dakika tatu, muulize na mtaalamu wa lishe wa mkoa anaonaje, halafu nitumie rasimu kabla ya Alhamisi nikuangalizie namba.